Sufuria Zote ni Zangu

Watu wa moshi walipiga hodi kwa Bi Mwanabaraka baada ya alasiri, saa mbaya kuliko zote. Wangalikuja asubuhi wangalikuta ua umefagiwa, jiko limejaa majivu baridi na paka amelala juu ya ukuta. Lakini alasiri ndiyo saa ya mkate. Uwani kwake sufuria kumi na moja zilikuwa zimepangwa safu moja juu ya jiko la pipa, kila moja na kifuniko chake cha bati, na juu ya kila kifuniko makaa mekundu.

Mkate wa kumimina ndivyo utakavyo. Moto wa chini uwe mdogo na wa juu uwe mkali, la sivyo uso wake hubaki mweupe na katikati hubaki tope. Jiko lile alilitengeneza marehemu mumewe, fundi wa bati, kwa kulipasua pipa la mafuta kwa urefu na kulitia miguu ya chuma. Kwa jiko hilo nyumba ilikuwa ikila.

Waliokuja walikuwa wawili. Mmoja ni Morgan, mtu mnene mwenye kitambaa cha jasho shingoni, mpole wa maneno. Wa pili ni Mejumaa, msichana wa Rabai, aliyevua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Morgan akaeleza kwamba mji umetoa ahadi ya kupunguza hewa chafu inayoipasha dunia joto, na ahadi hiyo imegawanywa mtaa kwa mtaa, kila mtaa na fungu lake. Kile kisanduku cheupe kilichofungwa kwenye mlingoti wa taa pale pembeni mwa kichochoro ndicho kinachopima. Wameanza na majiko makubwa ya biashara. Ya nyumbani yatangoja.

Bi Mwanabaraka hakuwa na ugomvi na maneno hayo. Siku hizi, maji ya bamvua yakijaa sana, huingia hadi katika stoo ya nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu na bahari. Utotoni mwake hapakuwa na kitu kama hicho, na hakuhitaji kuhadithiwa na mtu. Ameyaona kwa macho yake.

Aliyeudhika ni mwanawe, Aidarus. Alikuwa amelala ukumbini kwenye kitanda cha kamba, mgongo umefungwa kitambaa, tangu gunia la sukari lilipomwangukia kwenye ghala moja la Shimanzi na kazi ikaishia hapo.

"Malori ya Shimanzi mumeyaona njiani?" akauliza. "Maana moja tu likitiwa moto, mkate wa mama waiva bila makaa."

Morgan akacheka kwa moyo. Akasema malori yana kamati yake, nayo inalia kuliko hii. Kisha akageukia jiko, akaipitisha kalamu yake hewani juu ya ile safu.

"Mama, sufuria hizi zote ni zako?"

Hapo mkaza mwana, Lamis, aliyekuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, aliacha kukuna.

Zilizokuwa za Bi Mwanabaraka ni nne, mikate ya kupeleka dukani Makadara. Zile nyingine zilikuwa za kichochoro. Ilikuwa ada ya pale tangu siku za mumewe: kila nyumba yaroweka mchele wake, yasaga, yatia tui na hamira, kisha mtu hubeba sufuria yake imefunikwa kitambaa na kuileta kwa Bi Mwanabaraka ikapaliwe makaa. Kitambaa kile kilikuwa na maana yake. Chini yake kulikuwa na mkate wa tui zito na mayai, na kulikuwa na mkate wa maji matupu na sukari ya kuhesabu, na njiani hapakuwa na wa kujua upi ni upi. Mlangoni palikuwa na bakuli, nalo limefunikwa. Mwenye kitu hutia, asiye nacho huingiza mkono mtupu na kuutoa. Aliyejua yote hayo ni Bi Mwanabaraka peke yake, na miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia hata mwanawe.

Akaitazama sufuria ya tatu, yenye sikio lililotiwa riveti. Ya Swabaha. Akaitazama ile ya pembeni, ndogo. Ya Nabiha.

"Zangu," akasema.

"Zote?"

"Zote ni zangu, baba. Hamtakunywa hata maji?"

Mejumaa aliandika. Lamis akarudi kukuna nazi, kwa nguvu zaidi.

*

Morgan hakutuma mtu. Alirudi mwenyewe kabla ya wiki kwisha, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuposa akijua atakataliwa. Akasema kwa hesabu zao jiko la Bi Mwanabaraka limetoka la pili kwa ukubwa katika fungu lote la mtaa, nyuma ya mpishi wa halua tu. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, jiko la makaa la biashara lenye ukubwa ule halitaruhusiwa. Ana hiari: atie la gesi au la umeme, au azime.

"Nami nina bosi wangu, mama," akasema. "Na bosi ana wake."

Alipoondoka, Aidarus alijiinua kitandani akishika mgongo. Ramadhani ndiyo iliyokuwa ikiishikilia nyumba ile mwaka mzima. Mkate wa mwezi ule mmoja ulilipa kodi ya miezi mingi na ada ya chuo ya Jannat, binti ya Aidarus. Hali ya Aidarus mwenyewe mama yake aliijua. Hangebeba gunia tena mwaka huu.

"Kwani ungalisema kweli, ungalipungua nini?"

"Kweli gani?"

"Kwamba una sufuria nne. Nne ni jiko la nyumbani. Wangelikupita."

"Na wangeniuliza hizo nyingine ni za nani."

"Ungewaambia."

Bi Mwanabaraka aliishusha sauti, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. "Niwaambie ya tatu ni ya Swabaha, hana hata kaa la kuwashia tangu mumewe apooze? Niwaambie ile ndogo ni ya Nabiha, ambaye kila siku atwambia mume yuwatuma pesa kutoka Dubai, na huyo mume hajatuma hata salamu? Wale watu waandika, Aidarus. Kilichoandikwa husomwa."

"Basi waambie wenyewe waje waseme."

"Mimi niende kwa Swabaha, niketi kitini mwake, nimwambie, toka ukaseme huna?"

 Swabaha ndiye aliyesimamia harusi ya Bi Mwanabaraka, ndiye aliyewahi kuwa na watumishi wawili jikoni. Aidarus akalala tena, akageukia ukuta.

*

Wakajaribu njia ya pili. Lamis alitia sufuria moja ndani ya mfuko akaenda na mumewe Makadara, duka la majiko, apime kama itaingia. Aidarus alitembea polepole kwa ajili ya mgongo, kwa hivyo walifika wametota jasho. Lamis alifungua mlango wa jiko la kwanza aliloliona, lenye moto juu na chini, kama alivyotaka. Kabla hajaitoa sufuria mfukoni, muuzaji alikuja akaufunga ule mlango taratibu.

"Usifungue fungue, dada. Ni kioo hicho." Kisha akawatazama viatu. "Yenu ni yale kule."

Kule kulikuwa na majiko madogo ya gesi ya moto mmoja, yale ya wanafunzi. Lamis alisema ahsante. Bei ya lile la kioo aliisoma kwa upande wa jicho akitoka, na njia nzima hakuitaja, wala Aidarus hakumuuliza.

Siku ya pili waliazima mtungi wa gesi kwa rafiki yake Aidarus wa Tononoka, wakapika mkate mmoja wa kujaribia. Chini uliungua, juu ukabaki mweupe. Bi Mwanabaraka aliuzungusha kwenye sahani, akautazama kila upande.

Aidarus akasema, "Mkate huu umeona jini."

Wakaucheka, kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya, na wakaula.

*

Moto ulizimwa siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Kichochoro kilitaka kujua sababu. Bi Mwanabaraka hakuweza kusema amefungiwa, maana wangeuliza kwa nini, na jibu lingewafika wenyewe. Akasema ni miguu. Akasema daktari amemkataza moto.

Hakupima alilolitamka. Kabla ya magharibi chupa za dawa ya kuchua zilikuwa zimeanza kuingia, ya karafuu, ya mafuta ya nyonyo, na moja iliyotoka Makka ambayo mwenyewe aliitoa kama anayetoa dhahabu. Wanawake walikaa wakamchua miguu isiyouma hata kidole. Nabiha alileta uji. Ikambidi Bi Mwanabaraka achechemee kila atokapo, na mara nyingine alisahau ni mguu gani.

"Jana ulikuwa wa kushoto," Lamis alimnong'oneza.

"Umehamia," akasema mama mkwe.

Ramadhani ikaingia. Nyumba zote zilizokuwa zikileta sufuria zikawasha seredani zao, kila moja na yake, kila moja na makaa yake chini na makaa yake juu, kwa mkate mmoja. Wengine walinunua makaa mabichi ya rahisi. Wengine walivunja makasha ya matunda. Alasiri kichochoro kilijaa moshi hata waliokuwa wakianika nguo wakazianua. Bi Mwanabaraka alikaa dirishani, mikono mapajani, hana la kufanya. Mtu wa duka la Makadara alikuwa ameshapata mkate kwengine.

Siku moja harufu ikabadilika. Haikuwa ya makaa wala ya kasha. Ilikuwa harufu ya rangi ya mafuta inayoungua, na ilitoka dirisha la Swabaha. Bi Mwanabaraka alijitupia buibui, akashuka ngazi, akavuka kichochoro, akapanda ngazi za Swabaha mbili mbili.

Swabaha alikuwa ameinama juu ya seredani, macho mekundu. Ndani ya moto mlikuwa na kipande cha mbao cha kijani kibichi, kingali na bawaba yake. Kabati la vyombo lililokuwa nyuma yake, lile alilokuja nalo bi harusi, lilikuwa halina mlango mmoja.

"Mchwa," akasema Swabaha. "Umeliwa wote na mchwa. Nikaona heri niutoe kabla hawajahamia wa pili."

Mlango wa pili ulikuwa mzima, unang'aa. Bi Mwanabaraka akautazama, akasema mchwa mwaka huu wamezidi, hata kwake wamo.

Swabaha hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akiitazama miguu yake.

"Umepanda mbio," akasema.

Bi Mwanabaraka alishika goti. Lakini alikuwa amechelewa, na wote wawili walijua. Kabla hajapata la kusema, hodi ikapigwa chini na Mejumaa akapanda, kwa shungi lililoshikwa puani. Alikuwa akifuata ule moshi wa rangi. Akasalimu, akaomba radhi, akasema wana shida ofisini. Kisanduku cha mlingotini chasema hewa ya kichochoro hiki imeharibika tangu Ramadhani iingie, na wao waliingoja itengenee.

"Twashindwa kufahamu," akasema. "Tumemfungia jiko mama huyu, mwenye sufuria kumi na moja peke yake, na moshi umezidi. Nyote hapa mumeanza kupika mkate mwezi huu?"

Swabaha alilirudia lile neno, kumi na moja. Akamgeukia jirani yake.

"Ulisema zote ni zako?"

Bi Mwanabaraka alikuwa amegeuka, anashughulika kuipepea seredani isiyokuwa yake.

"Na ule mguu?"

"Swabaha, mkate wako waungua."

Swabaha aliketi juu ya kigoda. Mumewe, kutoka chumba cha ndani, aliuliza kwa ulimi wake mzito kuna nini. Swabaha akamwambia yule msichana, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha jikoni, kwamba kesho alasiri amlete mkubwa wake, na waje na kalamu.

*

Kesho yake Swabaha alitoka nyumbani kwake na sufuria ya sikio la riveti kichwani, haina kitambaa. Alipita mbele ya wanaume waliokaa barazani wakingoja adhana, na kila aliyetaka aliona ndani: uji mweupe mwepesi, maji kuliko tui. Mzee mmoja aliinamisha uso. Swabaha akawatolea salamu kama kawaida yake, akapita.

Uwani kwa Bi Mwanabaraka Morgan alikuwa amesimama na Mejumaa kando yake. Swabaha aliiweka sufuria chini.

"Hii ni yangu," akasema. "Kila siku ni yangu. Na makaa yalikuwa ya huyu, sijamlipa hata siku moja. Andikeni."

Bi Mwanabaraka alifumba macho. Alipoyafumbua, mlangoni palikuwa na wengine, maana Swabaha alikuwa amepita nyumba kwa nyumba usiku baada ya tarawehe na kusema maneno machache tu. Emmah, muuguzi mpangaji wa ghorofa ya chini, aliinyanyua yake na kusema yeye si mjuzi wa kuwasha makaa, hata huo moto wa jana ulimzimikia mara mbili. Mwengine akasema yake ni ile ya kifuniko kilichobonyea. Wa tatu alisema yeye hulipa anapopata, na mara nyingi hapati, na akacheka aliposema, na kicheko kile kikawafungua wengine.

Morgan alihesabu kwa kidole, tena akahesabu. Akamuuliza Mejumaa jambo kwa chini, na Mejumaa akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa wazi hata kwake Lamis aliyekuwa akisikiliza: walikuwa wameuzima moto mmoja, ikawashwa saba.

Yule mtu mnene alifuta jasho, na usoni mwake mlikuwa na raha ya mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Akasema hili ndilo wanalolitafuta mji mzima na hawajalipata, nyumba nyingi kutumia moto mmoja. Jiko hili haliandikwi tena la biashara. Laandikwa jiko la kichochoro, na makaa yake yahesabiwe kwa nyumba zote. Yatakapokuja majiko ya umeme ya pamoja, yale ya moto juu na chini, ataliombea hapa kwanza. Hakuahidi lini. Hadi siku hiyo hakuna mtu wa kulizima hili.

"Leo?" Bi Mwanabaraka akauliza. "Naweza kuwasha leo?"

"Washa, mama."

Akashika ukingo wa jiko. Aidarus, aliyekuwa ameegemea nguzo, alivuta pumzi ndefu hata akakumbuka mgongo wake.

Mejumaa alikuwa bado anaandika. Akaonyesha safu kwa kalamu, sufuria kwa mwenyewe, na kila mtu akaitikia. Nne za mama wa nyumba. Ya Bi Swabaha. Ya Emmah. Akaendelea hivyo mpaka ikabaki ndogo, pembeni, imefunikwa kitambaa cha maua, imewekwa chini bila ya mtu kumwona aliyeiweka.

"Na hii?"

 Nabiha alikuwa amesimama nyuma ya wote, anatazama pindo la buibui lake. Wanawake waliomjua hawakugeuka. Walitazama ukuta, walitazama paka.

"Hiyo yangu," akasema Bi Mwanabaraka.

Morgan akaangalia karatasi. "Lakini zako tumeshaziandika, mama. Zilikuwa nne."

Mejumaa aliinua uso. Akamtazama Bi Mwanabaraka, akakitazama kile kitambaa cha maua, akatazama mlango kwa mbali bila kutua juu ya mtu.

"Ni tano," akamwambia mkubwa wake. "Mimi ndiye niliyekosea kuhesabu." Na akaandika tano.

Lamis akaleta makaa. Swabaha alikunja mikono ya kanzu yake, akashika upepeo, na huku akipepea akamuuliza jirani yake, mbele ya watu wote, miguu yaendeleaje.

"Imepoa," akasema Bi Mwanabaraka. "Zile dawa zenu nzuri."

Akainama akakitoa kile kitambaa cha maua pale pale penye kivuli cha mwili wake, akaifunika sufuria kwa bati, akaipalia makaa ya juu kwanza kuliko zote.